Rangi Tele, Mshauri Yuko Wapi?

Mkazi yeyote wa London anaweza kuamka kesho, akabandika mlangoni kibao kinachosema yeye ni counsellor, akaanza kutoza paundi 80 kwa dakika 50, na sheria isimguse. Jirani yake akijiita art therapist ilhali jina lake halimo kwenye rejista ya kisheria, ametenda kosa la jinai. Mtu angetarajia kinyume: anayepokea majonzi yako ya miaka ishirini ndiye abanwe, na mwenye brashi na rangi aachwe huru. Sivyo ilivyo. Kenya ilitunga sheria yake ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Uingereza, yenye vyuo na vyama vya fani hiyo kila kona, haijalilinda jina la mshauri mpaka leo.

Hitilafu hiyo inamgusa moja kwa moja Mswahili wa Barking, Wembley au Tottenham anayetaka msaada wenye pande mbili, yaani mtu wa kuzungumza naye ambaye, maneno yakikwama, anajua kuleta udongo, ngoma, kalamu au nafasi ya kuimba. Watu wa namna hiyo wapo London, tena si wachache. Tabu ni kwamba hawana jina moja. Mmoja amesajiliwa upande wa sanaa, mwingine upande wa mazungumzo, na wa tatu hajasajiliwa popote ila ana tovuti nzuri yenye picha za vikopo vya rangi. Mimi naona vifaa vilivyomo chumbani havimwambii mtafutaji lolote. Cha kuchunguza ni mshauri huyo amefundishwa afanye nini mchoro ukishakamilika au wimbo ukishakwisha, na kama sanaa anayoileta ni ile ambayo mteja amewahi kuishi nayo.

Mgawanyiko huu una historia. Mwaka 1938 mchoraji wa Kiingereza Adrian Hill alilazwa kwa kifua kikuu katika hospitali ya King Edward VII, Midhurst, kusini mwa England. Akawa anachora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake ili siku zisogee, kisha akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo askari waliotoka vitani. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kutumia jina art therapy, mwaka 1942. Mwaka 1946 Edward Adamson aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Netherne, Surrey, akakaa huko hadi 1981. Adamson hakuwa mtu wa kuagua michoro ya watu. Alifungua studio, akatoa karatasi na rangi, akawaacha wafanye kazi. Maelfu ya kazi hizo leo zimehifadhiwa na Wellcome Collection, London.

Waliokuja baadaye wengi walikuwa wamepita katika shule ya akina Freud na Jung, na kwao mchoro ulikuwa mwanzo tu: mteja akishauweka mezani, hapo mazungumzo ndiyo yanaanza. Kwa hiyo ndani ya fani moja wapo wanaoamini kwamba kitendo cha kutengeneza chenyewe kinaponya, na wapo wanaoamini kinachoponya ni kile kinachosemwa juu yake. Mtafutaji anayetaka vyote viwili akiangukia kwa mfuasi wa kwanza, atatoka akinung'unika kwamba “tulichora tu”. Akiangukia kwa wa pili asiyejua kiasi, atachoshwa na maswali ya kwa nini mti wake hauna majani.

Muziki na maigizo yalipita njia zao. Juliette Alvin, mpiga selo, alianzisha chama cha tiba ya muziki mwaka 1958 na mafunzo yake katika Guildhall School of Music mwaka 1968. Paul Nordoff na Clive Robbins waliacha shirika lenye jina lao, ambalo kituo chake kikuu kiko Kentish Town. Upande wa maigizo, taasisi ya Sesame ilianzishwa mwaka 1964 na Marian Lindkvist. Kila tawi lilijenga chama chake na mitihani yake, na ndiyo maana mtu anayetaka vyote kwa mshauri mmoja hajui agonge mlango upi.

Wataalamu wa tiba ya sanaa waliingizwa katika usajili wa kisheria mwaka 1997, na sasa wako chini ya baraza la Health and Care Professions Council, linalojulikana kwa herufi HCPC. Majina yanayolindwa ni art therapist, art psychotherapist, music therapist na dramatherapist. Tiba ya kucheza na kutembeza mwili haimo. Hao wana chama chao cha hiari, ADMP. Ili kufika kwenye rejista ya HCPC mtu husoma shahada ya uzamili, kwa mfano Goldsmiths au Roehampton, hufanya mazoezi ya kazi hospitalini na shuleni, na yeye mwenyewe hutakiwa kukaa kwenye kiti cha mteja kwa muda wote wa masomo. Sharti hili la mwisho mimi nalithamini kuliko mitihani. Mtu aliyewahi kuuangalia mchoro wake mwenyewe mbele ya mgeni anajua jinsi swali moja la haraka linavyoweza kuuharibu.

Upande wa mazungumzo kuna BACP na UKCP, vyama vya hiari ambavyo rejista zao hukaguliwa na Professional Standards Authority. Kutokuwemo humo si kosa kisheria, lakini mtu asiyekuwemo hakuna chama kinachoweza kumwita kujibu malalamiko yako. Katikati ya pande hizi mbili iko Institute for Arts in Therapy and Education ya Islington, chuo kilichoanzishwa na Margot Sunderland, kinachofundisha hasa mchanganyiko huu: picha, udongo, mchanga, ushairi, muziki na mwendo wa mwili, sambamba na mazungumzo. Wahitimu wake hujiita integrative arts psychotherapist, na anayetafuta mtandaoni akiyaandika maneno hayo matatu atapunguza kazi nusu. Mkondo mwingine ni wa Natalie Rogers, binti wa Carl Rogers, aliyechukua falsafa ya baba yake ya kumsikiliza mteja bila kumwelekeza akaiongezea rangi, sauti na mwendo. Washauri wengi wa kawaida wa London wamejifunza kidogo kidogo kutoka kwake. Hapo ndipo pa kuuliza: umejifunza kwa miaka mingapi, au kwa wikiendi mbili? Cheti cha wikiendi mbili si uongo, lakini hakitoshi kumkabili mtu ambaye mchoro umemrudisha Goma usiku wa kukimbia.

Je, mchanganyiko huu unafanya kazi? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 79 wenye sonona. Wote walipata huduma za kawaida, na sehemu yao wakaongezewa vikao 20 vya muziki, mteja mmoja na mtaalamu mmoja. Kila mmoja alikuwa na vyombo vya kugonga na ngoma aina ya djembe, na hakuna aliyetakiwa kuujua muziki. Walipiga pamoja bila kupanga, wakazungumzia kilichojitokeza, kisha wakarudi kupiga. Baada ya miezi 3 kundi la muziki lilikuwa limepata nafuu zaidi ya wenzao. Baada ya miezi 6 tofauti ilikuwa imefifia.

Jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa MATISSE, lililochapishwa mwaka 2012, liliwahusu watu 417 wenye skizofrenia. Waliopangiwa vikundi vya uchoraji kila wiki kwa mwaka mzima hawakupata nafuu kuliko wale wa huduma za kawaida, na wengi walihudhuria kwa nadra au hawakutokea kabisa. Hata hivyo NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu ya England, katika mwongozo wake wa 2014 bado inawataka madaktari wafikirie kuwapa wagonjwa wa aina hiyo tiba ya sanaa. Magonjwa ya majaribio haya mawili ni tofauti, kwa hiyo ulinganisho wangu una mipaka yake, lakini jambo moja linanivutia. Kule Finland kulikuwa na kwenda na kurudi kati ya ngoma na maneno, na mtu mmoja aliyekuwa akimsubiri mteja wake. Kwenye vikundi vya MATISSE mtu angeweza kukosekana na kikao kikaendelea.

Ipo pia ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, iliyokusanya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Inatajwa sana kwenye matangazo ya washauri binafsi. Isomwe kwa uangalifu, kwa sababu ndani yake mmechanganyika kwaya za mtaa, dansi za wazee, muziki wa wodini na tiba yenyewe. Siku hizi daktari wako wa mtaani (GP) anaweza kukupeleka kwa mtumishi anayeitwa link worker, naye akakuelekeza kwenye kikundi cha ufinyanzi au kwaya. Ni jambo jema, hasa kwa mpweke. Lakini mwalimu wa kwaya hakufundishwa akufanyie nini ukiangua kilio katikati ya ubeti wa pili.

Sasa tuje kwetu. Mwanamke wa makamo aliyekulia Tanga au Lamu ukimpa kalamu za rangi na karatasi, kuna hatari aone amedharauliwa. Nani kamwambia yeye ni mtoto wa chekechea? Lakini mwanamke huyohuyo ana hazina ya nyimbo za harusi, anapaka hina, anasuka ukili, ameghani kwenye maulidi au ameimba kwaya kanisani, na amewahi kumpasha jirani ujumbe kwa kanga aliyojifunga, mdomo wake ukiwa umefumba. Mshauri anayejua haya atamwomba alete kanga tatu kutoka sandukuni, na kikao cha kwanza kimeshapata pa kuanzia.

Waswahili hawakuingoja Midhurst. Mwana Kupona alitunga utenzi wake maarufu kwa ajili ya binti yake karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina aliugeuza msiba kuwa shairi ambalo vizazi vya wanafunzi wamelikariri. Katika ngoma za pepo za pwani, ngoma hupigwa mpaka pepo apande kichwani, kisha anahojiwa: jina lake nani, ametoka wapi, anataka nini. Muziki kwanza, mahojiano baadaye, jamaa wakisikiliza. Sisemi mshauri wa Islington ageuke mganga, na wapo Waislamu na Wakristo wengi wasiotaka hata kusikia habari za kilinge. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa kuanza na sauti na kumalizia na maneno si mgeni kwa mtu wa pwani, na mshauri asimwoneshe mteja kama kitu kilichobuniwa Ulaya.

London yenyewe ina mfano wa karibu: Wabarawa. Walipokimbia vita vya Somalia baada ya 1991, wengi wao walikaa kaskazini mwa jiji, upande wa Barnet. Lugha yao, Chimiini, ni lahaja ya Kiswahili, na tungo zao za kidini, steenzi, zilitungwa na wanazuoni wa Barawa akiwemo mwanamke mmoja, Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919. Tarehe 5 Juni 2013, wiki mbili baada ya askari Lee Rigby kuuawa Woolwich, kituo chao cha Muswell Hill kiliteketea kwa moto, na herufi za kundi la mrengo wa kulia, EDL, zikakutwa zimeandikwa ukutani. Watu waliopoteza mji wao, kisha wakapoteza na jengo walilokusanyikia ugenini, wana mengi ya kuzungumza, na wana namna yao ya kuyasema iliyodumu zaidi ya karne. Mshauri asiyejua kwamba mteja wake wa Barawa huenda ana beti nyingi kichwani atampa rangi za maji, na atashangaa kwa nini hakurudi wiki ya pili.

Dini nayo inaingia humu, na washauri wengi wa Kiingereza wanaogopa kuigusa. Baadhi ya Waislamu hawachori viumbe hai. Wengine hawakai na ala za muziki. Baadhi ya walokole hawataki nyimbo za kidunia. Hakuna hata moja kati ya haya linalofunga mlango. Kuna udongo, nakshi, mchanga, vitambaa, mashairi, kughani bila ala. Cha muhimu ni mshauri aulize kabla ya kutandaza vifaa vyake. Mtandao wa washauri Waislamu, Muslim Counsellor and Psychotherapist Network, ulioanzishwa na Myira Khan mwaka 2013, una orodha ya watu ambao hawahitaji kuelezwa hili. Black, African and Asian Therapy Network, wa Eugene Ellis, ulioanza mwaka 2003, ni orodha nyingine nzuri, na humo wamo wanaofanya kazi kwa sanaa.

Ili tuone mchanganyiko mzuri unavyokuwa, tuchukulie mama wa miaka 61, mwenyeji wa Tanga, aliyefiwa na mdogo wake wa kike na hakwenda kuzika kwa sababu karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado Home Office, wizara ya mambo ya ndani. Mshauri wake ni dada wa Mombasa, umri wa binti yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari?”

“Si daktari, mama. Mimi ni mshauri. Nikuite nani?”

“Niite Mama Zuhura.”

Hapo tayari kuna kazi imefanyika. Kwenye vituo vingi vya London angeitwa kwa jina lake la kwanza na kijana ambaye hajamwamkia, na saa nzima ingekwenda katika kuimeza fedheha hiyo. Mshauri huyu hamuulizi anajisikiaje. Anamuuliza siku ya arubaini angekuwapo nyumbani angefanya nini. Mama anaeleza: angepika, hitma ingesomwa, nguo za marehemu zingetolewa, nyingine wapewe watu. Mezani kuna vitambaa. Bila kuambiwa, mama anaanza kukunja kimoja kimoja, na mkono ukishazoea kazi anaanza kuvumisha wimbo kwa sauti ya chini. Mshauri ananyamaza. Hamuulizi maana ya rangi aliyoichagua, haandiki. Wimbo unapokatika, ndipo anapouliza: “Wimbo huo ulikuwa wa nani, mama?”

“Wake. Tulikuwa tukitwanga, yeye ndiye anayeanza.”

Kuanzia hapo Mama Zuhura atazungumza bila kusukumwa. Hakuna kifaa cha ajabu kilichotumika, ila mshauri alijua wakati wa kunyamaza na wakati wa kuuliza, na swali lake lilimfuata mteja alikokwenda mwenyewe. Mkalimani angekuwapo, ingebidi naye aelezwe mapema kwamba kimya hicho kisijazwe. NHS, huduma ya afya ya taifa, hutoa wakalimani bila malipo, na mteja ana haki ya kukataa mkalimani anayemjua. Waswahili wa London wanafahamiana kwa harusi na misiba, kwa hiyo kuomba mkalimani wa simu aliye mji mwingine si jeuri.

Mlango wa bure unaofahamika zaidi ni NHS Talking Therapies, huduma iliyoanza 2008 kwa jina la IAPT na kubadilishwa jina mwaka 2023. Mtu mzima popote England anaweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa GP. Ubora wake ni huo. Udhaifu wake ni kwamba sehemu kubwa ni tiba ya utambuzi na tabia, ile ya majedwali na kazi za nyumbani, na sanaa humo ni nadra. Wataalamu wa tiba ya sanaa wa NHS wako zaidi wodini, kwenye timu za mitaani za wagonjwa wa akili, na kwenye huduma za watoto ziitwazo CAMHS, ambako mtu hufika kwa rufaa na hungoja. Mwenye mtoto aangalie kwanza shuleni. Place2Be, shirika lililoanza mwaka 1994 katika shule za kusini mwa London, huweka washauri wanaozungumza na watoto kwa kucheza, kuchora na kuigiza, na mzazi huenda hajui kwamba chumba hicho kiko mita chache kutoka darasa la mwanawe.

Kwa walioteswa, London ina kitu ambacho miji mingi haina. Freedom from Torture, iliyoanzishwa mwaka 1985, ina kituo Finsbury Park, na humo kulizaliwa kikundi cha uandishi kiitwacho Write to Life. Mwanzilishi wake, mwandishi wa tamthilia Sonja Linden, baadaye aliandika mchezo uliotokana na kazi yake na msichana wa Kinyarwanda aliyenusurika mauaji ya 1994. Jade Amoli-Jackson, aliyekuwa mwandishi wa habari za michezo Uganda, alipita katika kikundi hicho na mwaka 2013 akachapisha kitabu chake, Moving a Country. Utaratibu wao unafaa kutazamwa kwa makini: mwanachama ana mtaalamu wake wa tiba, na kando yake ana mwandishi anayemsaidia kuandika. Ni watu wawili wenye kazi mbili. Mwandishi hajifanyi daktari, na mtaalamu hahariri sentensi. Kwa majeraha mazito kama hayo naona mpango huu ni salama kuliko mtu mmoja anayejaribu kubeba yote, na anayeweza kulipa binafsi anaweza kuuiga: mshauri wa mazungumzo aliyesajiliwa, pamoja na warsha ya ushairi au uchoraji ambayo mshauri huyo anaifahamu.

Islington pia kuna New Art Studio, studio ya wakimbizi inayoendeshwa na wataalamu wa tiba ya sanaa, na Nafsiyat, kituo kilichofunguliwa na Jafar Kareem mwaka 1983 kwa imani kwamba utamaduni wa mteja uingie chumbani pamoja naye. Nafsiyat hufanya tiba kwa lugha nyingi. Magharibi mwa jiji, moto wa jengo la ghorofa la Grenfell Tower wa 14 Juni 2017 ulipoua watu 72, wakiwemo Waeritrea na Waethiopia, shirika dogo la mtaani, Latimer Community Art Therapy, lilikuwa tayari liko pale. Msiba huo ulileta wageni wengi wenye fomu. Meza yenye karatasi na rangi ilikuwa na faida ya kutomuuliza mtu jina, na mzazi anayemsubiri mwanawe amalize mchoro huanza kuongea mwenyewe.

Upande wa kulipa, bei za London kwa kawaida ni paundi 60 hadi 100 kwa kikao, na zaidi kwenye mitaa ya matajiri. Vyuo vya mafunzo mara nyingi vina kliniki za bei nafuu ambako mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanya kazi chini ya msimamizi. Msidharau wanafunzi hawa. Huwa wanajitayarisha kwa kila kikao kuliko mzee wa kazi mwenye wateja saba kwa siku. Rejista ya HCPC iko wazi mtandaoni bila malipo: unaandika jina la mtu, unamwona au humwoni.

Ipo hofu nyingine ambayo si ya kudharauliwa. Takwimu za serikali zinaonyesha Weusi wa England hulazwa kwa nguvu chini ya Mental Health Act zaidi ya mara 3 kuliko Wazungu, na tangu 2015 mashirika ya NHS yana wajibu wa kisheria chini ya mpango wa Prevent wa kuzuia itikadi kali. Baba wa Kisomali au wa Kikongo ambaye mwanawe anachora bunduki na nyumba zinazowaka ana sababu ya kuwaza karatasi ile itasomwa na nani. Mtaalamu aliyefundishwa anajua kwamba mtoto aliyetoka vitani huchora vita. Bado ni haki yako kumuuliza, kabla ya kalamu kushikwa, siri inaishia wapi. Jibu la kweli litakuwa na mipaka ndani yake: hatari ya kujiua, mtoto anayedhulumiwa, mambo ya ugaidi. Anayekuahidi siri isiyo na mipaka yoyote hajui kazi yake.

Simu ya kwanza, ambayo washauri wengi hawaitozi pesa, itumike vizuri. Muulize amesajiliwa wapi na kwa jina lipi, halafu muulize jambo lisilo na jibu la kukariri: nikikaa nusu saa bila kugusa kitu wala kusema neno, utafanya nini? Muulize kama mteja akikataa sanaa kabisa wiki hiyo, kikao kitaendelea vipi. Muulize kama amewahi kufanya kazi na mtu aliyezungumza lugha mbili kwa wakati mmoja, maana Mswahili wa London atasema habari za kazini kwa Kiingereza na za mama yake kwa Kiswahili. Akijibu kwa maelezo marefu ya nadharia, endelea kutafuta. Vikao vitatu au vinne vinatosha kujua, na kumwambia mshauri kwamba hamuwezani ni jambo la kawaida kwenye fani hii, hakuna atakayelichukulia kama kukosa adabu.

Na kuna suala la kazi zenyewe. Michoro, vinyago vya udongo, mashairi na sauti zilizorekodiwa ni mali yako, lakini wakati tiba inaendelea mtaalamu huvitunza kwenye kabati linalofungwa, kwa usiri uleule wa maandishi ya kikao, na mwishoni mnaamua pamoja viende wapi. Makubaliano hayo yawe kwenye mkataba wa mwanzo, yakiwa na muda wa kuhifadhi na ruhusa ya kupiga picha au kuonyesha hadharani, ambayo una haki ya kuinyima bila kutoa sababu. Mwenye kesi ya ukimbizi azungumze na wakili wake kwanza. Rekodi za tiba zinaweza kuombwa kama ushahidi, na mchoro uliochorwa kwa ajili ya kupumua ukifika mbele ya hakimu husomwa kwa macho mengine kabisa: tarehe, mahali, watu wangapi, mbona hapa kuna wanne na kwenye maelezo yako kuna watatu.